Mgeni rasmi awasubiri watoto

Jumatano iliyopita, huku Ujerumani, mazoezi yetu ya kwaya ya watoto yalipitiliza kwa dakika kumi hivi. Tulikuwa tumefika patamu, sauti ya pili ndiyo kwanza inakaa, na yeyote aliyewahi kuimba kwaya anajua ukiachia hapo wiki ijayo unaanza na moja. Mlango ukafunguka. Mama mmoja akasimama kizingitini, koti la mwanawe mkononi, akaangalia saa ya ukutani, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. Mwalimu akakata wimbo katikati ya ubeti. Tulipotoka, mama yule akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwanawe hula saa kumi na mbili, na angeshukuru kama tungekuwa tunamaliza saa tuliyoitangaza wenyewe.

Nilichukia. Nilikwenda hadi kituo cha tramu nikibwata peke yangu kwa Kinyakyusa. Dakika kumi! Mimi niliyekulia kwaya ya watoto Tukuyu, kule Rungwe, Tanzania, tukiambiwa mazoezi saa tisa, mwalimu anatokea saa kumi na nusu, tunatoka giza limeingia na mvua ileile mnayoijua inamwagika, na sikumbuki mzazi hata mmoja aliyekuja kusimama mlangoni na koti. Angekuja, angeambiwa anazuia kazi ya Bwana.

Tramu ilipofika nilikuwa bado nimechukia, ila si yule mama tena.

Kwa wasionifahamu, niko Leipzig, Ujerumani, kazi yangu ni uuguzi, na jioni moja kwa wiki najitolea kusaidia kwaya ya watoto ya kanisa la Kilutheri la mtaani kwangu. Mji huu ni wa kwaya hasa. Kwaya ya wavulana ya Kanisa la Mtakatifu Thomas ipo tangu 1212, na Bach mwenyewe, yule mtunzi maarufu wa muziki, alikuwa mwalimu wake kuanzia 1723 mpaka alipofariki mwaka 1750. Yetu si hiyo, msije mkanipongeza bure. Yetu ni watoto wachache wa shule ya msingi, chumba cha juu kinachonuka soksi, na mwalimu wa muziki mwenye kile chuma cha kutolea sauti, anakigonga gotini, anakisogeza sikioni, ndipo anawapa noti ya kuanzia. Mimi ni Mmoraviani wa Rungwe. Wamisionari walioleta kanisa letu mwaka 1891 walitumwa kutoka Herrnhut, ambako ni mkoa huuhuu wa Saxony, kwa hiyo sikuingia pale kwa kunyenyekea sana. Nilijua na mimi ninacho cha kuwafundisha.

Nitasema jambo moja tu. Huku mtu mzima ndiye anayemsubiri mtoto. Kwetu mtoto ndiye anayemsubiri mtu mzima, na tumezoea hivyo kiasi kwamba tunaona ni sehemu ya ibada.

Tamasha la kwaya za watoto mnalijua. Watoto wanaambiwa wafike saa moja asubuhi. Wanatoka Masoko, wanatoka Kandete, wengine wamepakiwa kwenye Fuso, na habari za Fuso na milima yetu hamhitaji nianze kuwasimulia. Wamevaa soksi nyeupe mpaka magotini na sare iliyoshonwa kwa michango ya wazazi ambao ada hawajamaliza. Mgeni rasmi kwenye ratiba ni saa tatu. Kuna turubai la meza kuu, lenye viti vilivyovalishwa vitambaa na chupa za maji. Kuna turubai la wazee wa kanisa na wafadhili. Watoto wanapangwa uwanjani, mbele, juani, maana mgeni akishuka kwenye gari lazima awakute wamepangwa. Mshereheshaji anatangaza: watoto vumilieni, mgeni wetu ameshafika Kiwira. Saa nne yuko Kiwira. Saa tano na nusu bado yuko Kiwira. Sijui hapo Kiwira huwa wanawapa nini.

Mwaka mmoja, kushoto kwangu alisimama msichana wa sauti ya kwanza, mdogo kuliko mimi. Aliomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, mlezi akamwambia tulia, mgeni anaingia sasa hivi. Hakuingia. Mkojo ukamshuka taratibu kwenye ile soksi nyeupe, mguu mmoja, hadi kwenye kiatu. Yeye akaendelea kutazama mbele, mikono nyuma, kidevu juu, vilevile tulivyofundishwa. Mgeni alipofika aliimba bila kukosea hata neno. Mgeni akatusifu kwa nidhamu. Baadaye tukagawiwa soda, chupa moja watoto wawili, na meza kuu wakala pilau.

Sasa nawasikia. Kuna anayesema, "Huyu naye kapanda ndege juzi, leo kwetu kunanuka." Ndugu yangu, mimi sikusimuliwa. Nilisimama kwenye huo mstari mpaka nikavunja ungo, nikahamia kwaya ya vijana, na huko nikawa miongoni mwa waliokuwa wanawaambia wadogo tulieni. Ninakusema kwetu kwa sababu ni kwetu. Kwa watu wengine ningepita kimya.

Kuna anayesema ndiyo malezi, mtoto lazima ajifunze uvumilivu, na ndiyo maana watoto wa Wazungu wanawajibu wazazi wao hovyo. Hapo kidogo nakubali. Majuzi mtoto wa miaka saba aliniambia leo hajisikii kuimba, akakaa chini akachora farasi saa nzima, na hakuna aliyemgusa. Mkono uliniwasha, nikaushika kwa mwenzake. Likizo ya shule ikianza, kwaya nayo inafungwa. Rafiki akiwa na sikukuu ya kuzaliwa, mtoto haonekani, na mzazi anatuma ujumbe kana kwamba ameghairi miadi ya kinyozi. Yote hayo yananikera na sitayatetea. Lakini kama uvumilivu ni kitu kizuri hivyo, kwa nini tunamfundisha mtoto wa darasa la pili peke yake? Mgeni rasmi naye ni mwanafunzi wa Yesu. Naye afundishwe.

Halafu kuna yule wa siku zote: makanisa yao matupu, wana nini cha kutufundisha? Ni kweli, hasa upande huu wa mashariki ya Ujerumani uliokuwa chini ya serikali ya kikomunisti kuanzia 1949 hadi 1990. Wengi hapa hawana kanisa lolote, wala wazazi wao hawakuwa nalo. Baadhi ya watoto wa kwaya yetu hawajabatizwa. Jumapili ya kawaida unaweza kuwahesabu waumini huku unasoma matangazo. Ila njoo mkesha wa Krismasi. Watoto wanaigiza kuzaliwa kwa Yesu na kuimba, na ibada yao imewekwa alasiri, mapema, ili wawahi kurudi nyumbani kula na kulala. Kanisa linafurika, watu wanasimama kwenye ngazi. Watu wazima ndio waliopanga siku yao kuwafuata watoto. Kanisa tupu haliwazuii kuelewa hilo, na kanisa letu lililojaa halijatusaidia kulielewa.

Na mtaniambia wao wana hela. Wanazo. Mwalimu wetu ni mwajiriwa wa kanisa, ana mshahara na likizo, na sehemu ya mshahara huo naichangia mimi. Ukijiandikisha hapa kama Mkristo wa kanisa lao, serikali inakukata kodi ya kanisa, na kwa Saxony ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, juu ya hiyo kodi yenyewe. Sadaka ya bahasha ya kwetu ina huruma. Lakini niambieni, kuwaimbisha watoto saa tatu badala ya saa nane kunagharimu shilingi ngapi? Kuhamisha turubai hatua ishirini kunahitaji mfadhili gani kutoka Ujerumani?

Kiangazi kilichopita tulialikwa kuimba kwenye sikukuu ya mtaa. Diwani alikuwa afungue kwa hotuba, kisha watoto waimbe. Diwani akachelewa. Mimi damu ya nyumbani ikaamka, nikaanza kuwapanga watoto mstari, kimo kwa kimo. Mwalimu akatazama saa yake, akagonga chuma gotini, watoto wakaimba nyimbo zao zote, wakapewa juisi na keki, wakatawanyika kwenda kwenye bembea. Diwani alipofika akaambiwa watoto wameshaimba. Akasema anasikitika amewakosa, akahutubia waliobaki, akanunua soseji. Hakuna aliyeandikiwa barua, wala kamati haikukaa kikao cha dharura. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natetemeka.

Hata kuingia kwenye hiyo kwaya haikuwa rahisi. Kabla sijakabidhiwa ufunguo wa chumba nilitakiwa kuleta cheti cha polisi kinachoonyesha sijawahi kuhukumiwa kwa kosa dhidi ya watoto. Wanaojitolea hawalipii, ila lazima ukilete. Nilisononeka, nikaona wananidhania mabaya kwa sababu ya rangi yangu, hadi mwalimu aliponiambia kwamba hata bibi anayekuja kukata matunda ameleta cha kwake. Kila mtoto pale ana mwenyewe, na mwenyewe anauliza: nani yuko naye, mpaka saa ngapi, amekunywa maji? Sisi tunajivunia kwamba mtoto ni wa wote, na kweli nimelelewa na mama wengi pale Tukuyu, nisingefika huku bila wao. Lakini siku ya tamasha, kwenye lile jua, yule wa wote hana wa kumsemea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watoto wetu wanaimba kuwashinda hawa. Wanawashinda mbali, wala sisemi kwa kuwa ni wetu. Pasaka mwalimu aligawa karatasi za wimbo, nikaona pembeni jina la Bernard Kyamanywa. Ni Mfurahini Haleluya, wa mwaka 1966, umo kwenye kitabu chao cha nyimbo, namba 116, kwa Kijerumani. Nikawaambia watoto kwa mabega yaliyopanuka kwamba huu ni wimbo wa kwetu. Mchungaji aliyeutunga ni wa Bukoba, najua, ila ukiwa Leipzig Bukoba na Tukuyu ni jirani. Wakauimba. Macho kwenye karatasi, piano inawaburuta, hakuna bega linalotikisika, walikuwa kama wanasoma maelekezo ya dawa.

Nikamwomba mwalimu anipe nafasi. Nikakusanya karatasi zote, nikafunga piano, nikaanza kuwapa sauti ya pili kwa mdomo, mstari kwa mstari. Ilichukua wiki kadhaa. Wakisikia wenzao wanaimba kitu kingine, wanawafuata. Kwetu kazi hiyo ni ya jioni moja. Unamweka mtoto katikati ya mashangazi wawili wa sauti ya pili, mambo kwisha. Mwalimu akaniuliza nilisomea wapi kusikia sauti ya tatu bila ala. Nikamwambia mwalimu wetu wa kwaya alikuwa fundi seremala, akiandika noti kwa herufi, d, r, m, f, s, kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya kanisa, mvua ikipiga bati mpaka hatumsikii, tukawa tunafuata kidole chake tu. Aliomba nimwandikie wimbo mmoja kwa herufi hizo. Ameubandika ukutani.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Watoto wenye masikio ya namna hiyo, wanaobeba beti sita kichwani na sauti nne bila kinanda, tunawasimamisha juani saa tano nzima ili mtu ambaye hajui tofauti ya sauti ya pili na ya tatu aje kusema wana nidhamu. Wangekuwa wanaimba vibaya, labda ningenyamaza.

Tamasha la mwaka huu kule nyumbani ni Septemba. Ratiba imeshatumwa kwenye kundi letu la WhatsApp na nimeisoma. Kwaya za watoto ziko namba 14, baada ya risala, baada ya kutambulisha wageni, baada ya harambee, kabla ya chakula. Nikaandika kwa heshima zote, shikamoo mwenyekiti, kwamba watoto waanze, mgeni atakapofika atawakuta wanacheza mpira, na akitaka kuwasikia awaombe. Mashangazi wawili wakaweka vidole gumba. Mtu mmoja akaweka kicheko. Mwenyekiti akajibu kwamba ushauri umepokelewa na utafanyiwa kazi, akaongeza kuwa sisi tulioko nje tukumbuke michango.

Nimekumbuka. Nimemtumia mweka hazina hela ya turubai moja zima, nikamwandikia kwamba ni la watoto, lifungwe pale wanapopangwa, na si meza kuu. Nina wadogo zangu pale na simu zao zina kamera. Likionekana limefunika viti vya vitambaa, picha nitaipandisha kwenye kundi hilohilo, mbele ya mchungaji na wote.