Mtoto anabaki na nani?

Uingereza hakuna kitu kisicho na fomu. Ukitaka pipa la taka, fomu. Ukitaka kuegesha gari mbele ya nyumba unayoilipia kodi mwenyewe, fomu tena. Inachosha. Lakini ipo moja ya hapa England ambayo ningeiiba mchana kweupe niipeleke nyumbani Tanzania. Inaitwa Care to Learn: serikali inamlipia mzazi kijana anayesoma gharama za kulelewa mtoto wake. Nayo inajibu swali ambalo sisi tunalikwepa: binti aliyezaa akirudi darasani, mtoto anabaki na nani?

Inavyokwenda ni hivi. Mzazi, wa kike au wa kiume, awe hajafika miaka 20 siku anayoanza kozi, na yeye ndiye mlezi mkuu wa mtoto. Kozi iwe inagharamiwa na serikali. Chuo kikuu hakimo, wala uanagenzi wenye mshahara. Anachagua mlezi wa mchana aliyesajiliwa, anajaza ombi, shule inathibitisha kwamba ameanza masomo, ndipo hela inatoka. Inakwenda moja kwa moja kwa mlezi, binti haigusi. Nauli ya kumpeleka mtoto nayo inaweza kulipwa. Akiacha masomo, malipo yanakatika. Ombi hurudiwa kila mwaka wa masomo, na anayesahau atajikuta ana deni la mlezi. Bibi anayeishi nanyi nyumba moja halipwi hata senti.

Najua mtakayosema. "Huyu keshakula viazi vya wazungu, sasa anatufundisha kulea." Jamani, taratibu. Siku 40 za uzazi hakuna wa kutufundisha: maji ya moto, kukandwa, uji wa pilipili manga, jirani anafua nepi bila kuombwa. Hapa binti anaweza kutoka hospitali kesho yake akaingia kwenye chumba kisicho na mtu, akawa anamsubiri muuguzi wa kumtembelea, ambaye ratiba yake ni siku ya 10 hadi ya 14. Hapo tunawashinda, na sioni haya kulisema.

Siku ya 41 je?

Tanzania ilitangaza tarehe 24 Novemba 2021 kwamba aliyekatishwa masomo na ujauzito aruhusiwe kurudi. Vizuri sana. Kenya ilikuwa na sera hiyo tangu miaka ya 1990. Ila mlango kuwa wazi ni jambo moja, na mtoto wa miezi mitatu ni jambo jingine. Mama yake anatoka saa 12 asubuhi, anarudi saa 10 jioni. Maziwa yaliyokamuliwa hayapaswi kukaa nje ya friji zaidi ya masaa manne, tena kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Hebu niambie Dar mwezi wa pili nyuzi 25 unazipata wapi, na friji hakuna. Kwa hiyo mtoto anaanzishwa uji kabla ya wakati, anaharisha, binti anaitwa, anakosa vipindi, kisha anakosa mtihani. Tukimaliza tunasema "alishindwa mwenyewe". Na huyo bibi tunayemtegemea mara nyingi bado ni mama wa makamo aliyeamka alfajiri kukaanga maandazi, na hayo maandazi ndiyo yanayolisha nyumba nzima.

"Wenzetu wana hela." Nayo najua. Lakini halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Umri unaanzia 18, na ni mkopo wa kikundi. Binti wa miaka 16 aliyezalia nyumbani hana pa kuingilia, na hata angekuwa napo, anachohitaji si mtaji wa kuku.

Vipande vyote vya mpango kama huo vipo tayari kwetu. Maombi ya kusajili vituo vya kulelea watoto mchana yanapitia kwa afisa ustawi wa jamii. Mwalimu mkuu ana daftari la mahudhurio na muhuri. Mama wa kituo ana simu ya kupokelea malipo. Kituo kiwe karibu na shule, binti awahi kunyonyesha wakati wa mapumziko. Hela isipite nyumbani, kwa sababu mjomba atakuwa na shida ya haraka wiki hiyo hiyo.

"Mtawahamasisha mabinti wazae!" Kwa lipi? Anayelipwa ni mama wa kituo. Binti anachopata hapo ni vipindi viwili vya hisabati.