Hazel Dickens hakufa tajiri, lakini nyimbo zake zina jina lake

Nyumbani mtu akisikia fulani anaishi Marekani kwa muziki, anawaza majumba na magari. Kwa sisi wahamiaji tunaoishi jimbo la Maryland, mfano wa kweli zaidi ni Hazel Dickens, mwimbaji na mtunzi wa bluegrass, muziki wa ala za nyuzi wa milimani Marekani, aliyeshuka hapa Baltimore kutoka milima ya West Virginia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hakuvuka bahari, ila alikuwa mhamiaji kama sisi: lafudhi yake ilibezwa, alipanga vyumba vya bei nafuu, akafanya kazi viwandani na madukani, na moyo wake ukabaki kijijini. Siti binti Saad naye alitoka Fumba akaingia mjini Unguja mwaka 1911 akiwa fukara, kabla ya kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Njia ya mwanamke kutoka shamba kwenda mjini na sauti yake tu, sisi tunaifahamu.

Hazel alizaliwa Montcalm mwaka 1925, kwenye eneo la machimbo ya makaa ya mawe, mtoto wa 8 kati ya 11. Baba yake alikuwa mhubiri wa Wabaptisti wa mkondo wa zamani, ambao kanisani hawaruhusu chombo chochote cha muziki. Wanaimba kwa koo tupu, sauti ikivutwa kwa nguvu. Ukimsikiliza Hazel, kanisa hilo limo ndani ya kila mstari. Wimbo wake kuhusu maradhi ya mapafu yanayosababishwa na vumbi la makaa aliutunga kwa ajili ya kaka yake Thurman, mchimbaji aliyeuawa na maradhi hayo, na aliuimba bila ala yoyote. Sijui mtunzi aliyeeleza kifo cha mfanyakazi kwa uchungu na usahihi zaidi yake.

Mlango wa kwanza ulifunguka kupitia ugonjwa. Mike Seeger, mwanamuziki wa nyimbo za asili aliyekataa jeshi kwa dhamiri yake, alipangiwa kazi katika hospitali ya kifua kikuu ya Mount Wilson karibu na Baltimore. Humo akamkuta Robert, kaka mwingine wa Hazel, na kupitia kwake akaifahamu familia nzima. Baadaye Hazel alikutana na mwimbaji Alice Gerrard. Mwaka 1965 wawili hao walitoa albamu kupitia kampuni ya rekodi ya Folkways, wakati ambapo wanawake kuongoza kundi la bluegrass lilikuwa jambo la nadra mno. Alice mara nyingi alishika sauti kuu, Hazel akaimba ile ya juu yake.

Bluegrass haihitaji umeme. Fidla, banjo ya nyuzi 5, mandolini ya nyuzi 8, gitaa na besi la kusimama vinaweza kuzunguka maikrofoni moja, anayepiga solo akisogea mbele kisha akirudi nyuma. Na kila mtu anamiliki chombo chake. Linganisha na bendi zetu za dansi. Baada ya NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, kuanzishwa mwaka 1964, bendi nyingi Tanzania ziliishi chini ya mashirika, jeshi, polisi na viwanda. Mwanamuziki alipata mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo Hazel hakulipata kwa muziki wake, na nawavulia kofia waliobuni utaratibu ule. Lakini vyombo vilikuwa vya mwajiri. Aliyeondoka aliondoka mikono mitupu, na mpaka leo mwenye vyombo ndiye anayeamua bendi iishi au ife.

Kumiliki chombo kuna ufundi wake. Nyimbo nyingi za bluegrass zilipangwa kwa sauti za wanaume, hivyo mwanamke akishika uimbaji kundi hubadilisha ngazi. Banjo hufungwa kwa ngazi ya G. Ukitaka B, unabana kapo, yaani kibanio cha kupandisha nyuzi, kwenye kituo cha 4 (vituo ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya chombo), halafu ule uzi mfupi wa tano, ambao unaanzia kituo cha 5, unaunasa chini ya kimsumari kwenye kituo cha 9. Wanaoanza husahau hatua hiyo ya pili. Uzi mfupi unabaki kulia G ndani ya B, na kwa kuwa unapigwa karibu kila kipimo, wimbo mzima unaharibika hata kama vidole havikosei. Wanaojua mambo haya wanaweza kukutana sebuleni bila mazoezi na kupiga usiku kucha. Huko sebuleni ndiko mwimbaji wa eneo dogo anakopata watu wa kumpigia.

Hela? Ndogo. Mwaka 2024, aliyerekodi wimbo wa mtu mwingine Marekani na kuuuza kwenye CD alipaswa kumlipa mtunzi senti 12.4 kwa kila nakala, kwa wimbo usiozidi dakika 5. Nakala 1,000 ni dola 124, na mchapishaji wa muziki akiwepo naye huchukua fungu lake. Kuanzia 1909 hadi mwisho wa 1977 kiwango kilikuwa senti 2 tu. Basi mtu kuwa na kazi ya dukani na bado kuwa mwanamuziki kamili si kufeli. Nyumbani tunawadharau wasanii wenye kazi nyingine, na dharau hiyo inawafukuza wengi waliobarikiwa.

Kuna jambo tumeizidi Marekani. Redio za kawaida huku humlipa mtunzi wa wimbo lakini hazimlipi mwimbaji wala mpiga ala. Kenya sheria inawatambua hao pia, na wana chombo chao cha kukusanya malipo. Kinachotuangusha ni kumbukumbu: kituo cha redio kisipoandika kilichopigwa, hakuna anayejua alipwe nani. Utata wa Malaika, kati ya Fadhili William na madai ya Adam Salim, usingefika mbali hivyo kama ingekuwepo karatasi iliyosainiwa siku ya kwanza. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja: jina kamili la kila mtunzi kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la kisanii, asilimia ya maneno na ya muziki hadi zitimie 100, tarehe, saini. Isainiwe kabla watu hawajatoka studio. Wimbo ukishapendwa, kila mmoja atakumbuka kwamba alitunga zaidi. Na jina liandikwe kwa tahajia ileile kila mahali, maana jina lenye tahajia tatu huhesabiwa kuwa watu watatu, na malipo yanakwama.

Kutunza kwetu, yaani kumwendea mwimbaji wa taarabu na noti mkononi, kunanipendeza kuliko utaratibu wa huku wa kukaa kimya, kupiga makofi na kupita mezani kununua CD. Hela inafika usiku uleule. Ila inamfikia anayeimba na kundi lake, wakati aliyeandika shairi huenda yuko nyumbani kwake, na hatajwi hata kwa kipaza sauti. Mshereheshaji anaweza kulitaja jina lake kabla ya wimbo, na kundi likamtengea sehemu ya tunzo.

Hazel alifariki Washington mwaka 2011, na mwaka 2017 yeye na Alice wakaingizwa kwenye orodha ya heshima ya bluegrass. Rekodi ile ya 1965 ungali unaweza kuipata. Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilipoichukua Folkways mwaka 1987, ilikubali sharti kwamba kila albamu, hata inayouzwa nakala chache mno, iendelee kupatikana. Dar es Salaam kuna kanda za Radio Tanzania zilizobeba sauti za bendi nzima nzima, na joto la pwani haliwahurumii waliofariki. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu. Ukizicheza hivyo hivyo zinanata kwenye kichwa cha mashine na kubandua sauti. Fundi huzikausha kwanza kwenye joto la nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi kwa saa kadhaa, kisha anazinakili mara moja kabla hazijarudia kunata. Za zamani za asetati hazikaushwi hivyo, zinaharibika, kwa hiyo aina ya kanda itambuliwe kabla ya kuwasha chochote. Zianze zile ambazo nakala yake ni moja tu, na majina ya watunzi yaandikwe sasa, wakati wapigaji wachache waliobaki bado wanaweza kuyataja.