Cheti kwanza, au Jumapili ya kupumzika?

Mjadala kuhusu watu wanaotunza wazee na wagonjwa majumbani hapa Kisumu hauchukui muda kufika kwenye cheti. Kuna wanaotaka asiyesomea kazi hii asimguse mgonjwa. Kuna wanaouliza karo italipwa na nani, na akishahitimu nani atamudu kumwajiri. Wote wana hoja, ila nadhani wameanzia pasipouma sana.

Tuwasikilize wa cheti kwanza. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, la sivyo vidonda vya kulalia humtoka kiunoni na visiginoni. Akilishwa amelala chali, uji unaweza kuingia mapafuni. Mpira wa mkojo ukishikwa kwa mikono michafu, maambukizi hayo. Huruma peke yake haimfundishi mtu mambo haya. Na mara nyingi anayeachiwa ni msichana aliyeajiriwa kupika na kufua: mzee ameanguka bafuni, amerudi kutoka hospitali hatembei, kazi imegeuka na mshahara umebaki palepale. Agizo la mishahara la 2024 lilimwekea mfanyakazi wa nyumbani wa Kisumu kima cha chini cha shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kundi moja na yaya na mfagiaji. Anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa hakutajwa popote. Cheti kingempa pa kusimamia akidai nyongeza.

Upande wa pili nao haupigi kelele bure. Kuna akina mama wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta waliotunza wagonjwa miaka mingi bila kukanyaga chuo, na sheria ya cheti ingewaondoa wao kwanza. Halafu cheti ni nauli ya kuondokea. Anayekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani hutakiwa kupitia mafunzo kabla ya kupanda ndege. Anayekwenda Milimani, mtaa wa wenye nacho hapa Kisumu, kilomita chache kutoka kwao, huulizwa kama anajua kupika samaki. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira, na siwezi kumlaumu mtunzaji mwenye ujuzi akianza kujifunza Kijerumani.

Mimi ningeanzia wodini. Mgonjwa anapokaribia kuruhusiwa, muuguzi au mtaalamu wa viungo huwaonyesha jamaa namna ya kumwinua: pinda magoti, mvute karibu na kifua, tumia shuka lililokunjwa chini ya makalio, msimvute mkono ule uliopooza. Anayeonyeshwa ni nani? Binti aliyefika kutoka Nairobi, ambaye Jumatatu atakuwa kwenye basi anarudi kazini. Atakayeinua kila siku yuko nyumbani anaosha sufuria, na somo litamfikia kwa simu, limepungua nusu. Kumwita huyo wodini asubuhi moja hakuhitaji bajeti mpya wala chuo kipya. Mgongo wake ungepona mengi.

Lakini hata aliyefundwa vizuri huchoka, na hapa ndipo watu wa cheti hunyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Nyumbani kwenye mgonjwa, Jumapili hununuliwa: "Kaa tu, tutakuongezea kitu." Mwajiri si lazima awe mkatili, hana mtu wa pili. Aliyelala vipandevipande wiki nzima ndiye Jumatatu atamfokea mzee aliyejikojolea, kisha tutasema alikosa mafunzo.

Mtu wa pili ni gharama, sikatai. Hata hivyo nyumba tatu za mtaa mmoja zinaweza kuchangia mtunzaji wa zamu, Jumamosi huku, Jumapili kule. Chama kinachonunua viti na hema za matanga hakishindwi na hesabu hiyo.

Wanaobaki nje ya mpango huu ni wasioweza kulipa hata mtu mmoja. Huko anayetunza ni mke wa mtoto wa mwisho, bila mshahara, bila likizo, na sheria ya ajira haimtambui. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa Septemba 2023 hupita kwenye boma kama hilo, wakamwangalia mgonjwa. Wangemuuliza na huyo mama analala saa ngapi, wakaandika jibu.