Insha 300, utafiti saa ngapi?

Kuna makala nimeisoma, mwandishi wake anasema walimu wa lugha vyuoni hawapendi utafiti, wanawaza kupanda cheo tu. Nafundisha Kiingereza chuo kimoja hapa Dar, na nakubali nusu. Muhula huu nina insha zaidi ya 300 kwenye bahasha za kaki chini ya meza. Nyingine nasahihisha ndani ya basi la mwendokasi, nikibahatika kupata kiti. Huo utafiti niufanye saa ngapi? Ila tusidanganyane, wenzangu: wapo wanaolipua makala mbili maombi ya cheo yakikaribia, kisha kimya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 haikupatikana hivyo. Ilitoka TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyoundwa kwa ajili ya uchunguzi wa lugha, si kwa kusahihisha mitihani.