Namba Isiyotaka Kugawana

Hebu mtu aniambie, nani aliipa 1,234,567 sura ile ya upole? Moja, mbili, tatu mpaka saba, imejipanga kama wanafunzi mstarini asubuhi. Ukiiona unasema hii itagawanyika tu. Thubutu!

Tuseme ndiyo fedha iliyomo kwenye sanduku la kikoba, mwisho wa mwaka, wanachama 12. Kila mmoja 102,880, zinabaki shilingi 7. Mkiwa 20, kila mmoja 61,728, zinabaki 7. Mkiwa 24, 51,440, na saba zile zile zimewakodolea macho. Shilingi saba siku hizi dukani huzipatii hata pipi, lakini subiri usikie zitakavyogombewa.

Labda idadi ya watu ndiyo mbaya? Haya, ikague. Mwishoni kuna 7, kwa hiyo 2 na 5 wakae pembeni. Jumlisha tarakimu: 28, tatu haingii. Kwa 7, 11 na 13 usihangaike mara tatu. Kata tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, halafu 567 toa 234 jumlisha 1: unapata 334. Ujanja huu unakubali kwa sababu 7 × 11 × 13 ni 1,001. Sasa gawanya hiyo 334: kwa 7 baki 5, kwa 11 baki 4, kwa 13 baki 9. Wote watatu nje! Wapo wanaokata kuanzia kushoto, 123, 456, 7, wakapata takataka, kisha wakailaumu kanuni.

Endelea na 17, 19, 23. Namba tasa (zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) 30 za kwanza, kutoka 2 mpaka 113, zote zinagonga mwamba. Ya 31 ni 127, na hapo ndipo mlango unafunguka: 127 × 9,721. Na kwa kuwa kila namba kuanzia 2 mpaka 126 inagawanyika kwa mojawapo ya hizo tasa 30, kuanzia watu wawili mpaka 126 hakuna idadi inayokubali. Mkutano wa watu 127, soda atanunua nani?

Hiyo 9,721 usiisumbue. Kipeuo chake cha pili hakifiki 99, kwa hiyo kama ingekuwa na kigawo kingine, kimojawapo kingekuwa chini ya hapo, na wa chini ya hapo wote tumeshawafukuza. Basi namba yenyewe huwezi kuiita tasa, maana ina watoto wawili. Ila watoto wote wawili ndio tasa.

Kinachouma zaidi ni jirani yake. Toa zile 7 tu, inabaki 1,234,560, yaani 2 kwa kipeo cha 7, mara 3, mara 5, mara 643. Ongeza moja kwenye kila kipeo uzidishe, 8 × 2 × 2 × 2: vigawo 64! Yule mwingine ana vinne, tena ukimhesabu na yeye mwenyewe.

Kwa hiyo shilingi saba mpeni mweka hazina. Akikataa, tafuteni wanachama wengine 115.