Wodi inabebwa na wanaojitolea: nafuu kwa nani?

Usiku wa tatu wa kumuuguza mama, katika hospitali moja hapa Moshi ambayo sitaitaja, nilifundishwa kuhesabu matone ya dripu. Dada aliyenifundisha alisimama upande wa pili wa kitanda, akaniambia, "Kaka, tazama hapa. Kwa dakika moja yasizidi 28. Ukiona yanakimbia au yamesimama, nifuate kule mwisho. Usiniite kwa sauti, watu wamelala." Akabandika kipande cha plasta kwenye chupa, akaandika saa ya kuanza na saa ya kuisha, akaondoka nusu akikimbia. Wodi ilikuwa na vitanda 34 na vyote vilikuwa na watu. Zamuni walikuwa wawili: sista mmoja mwajiriwa, ambaye tangu saa nne alikuwa chumba cha pembeni na mgonjwa wa oksijeni, na huyu dada. Alfajiri, alipokuja kumfuta mama uso, ndipo nikajua kwamba yeye hajaajiriwa. Anajitolea, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili.

Tukizungumzia upungufu wa wauguzi huwa tunasema kana kwamba wauguzi hawapo. Kidunia ni kweli hawatoshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na pengo la milioni 5.8, na sehemu kubwa ya pengo hilo iko Afrika na nchi nyingine za kipato kidogo. Lakini ukikaa Pasua au Majengo wiki moja tu utaonyeshwa nyumba ambayo ndani yake kuna kijana mwenye stashahada ya uuguzi na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, anauza kwenye genge la mama yake. Wodi inamlilia muuguzi, na muuguzi anaililia wodi. Kinachokosekana katikati ni nafasi yenye mshahara.

Kila kituo cha umma kina ikama, yaani idadi ya watumishi wa kila kada wanaotakiwa kuwapo. Ikama ikionyesha pengo, pengo hilo halijazwi mpaka kitoke kibali cha ajira, na kibali hutoka kwa kadiri mfuko wa mishahara unavyoruhusu. Juni 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Mwaka uliofuata ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakiwamo wa sekta ya afya, wakaondolewa. Siwalaumu waliohakiki, maana hakuna anayetaka kuchomwa sindano na mtu mwenye cheti cha kuazima. Ila wodi zilibaki na mapengo yale, na vyuo havikusimama kutoa wahitimu. Mwaka 2022 zilipotangazwa nafasi 7,612 za kada za afya katika halmashauri, zilikuwa za kada zote, za nchi nzima, na zilikuta foleni ya miaka.

Wakati huohuo tumejenga, na hilo nalisema kwa heshima. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, pamoja na manung'uniko yote, ilijenga vituo vya afya katika tarafa ambazo mama mjamzito alikuwa akibebwa kwa pikipiki usiku. Lakini kila jengo jipya linahitaji wauguzi wa zamu tatu, siku saba za wiki. Ukifungua jengo bila kuajiri, maana yake umewachukua waliokuwa wodi nyingine.

Mgonjwa anaumia wapi hasa? Wengi hufikiria kifo cha ghafla, muuguzi amechelewa. Hutokea, lakini madhara mengi huja taratibu na hayaandikwi popote. Mgonjwa aliyepooza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Kwenye vitanda 34 na wauguzi wawili, hageuzwi, na baada ya siku chache nyonga inaanza kuwa nyekundu, halafu ngozi inafunguka. Mama aliye kwenye uchungu anatakiwa kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuandikwa kwenye chati. Mkunga mmoja akiwa na watatu wanaosukuma kwa wakati mmoja, chati ya wa nne hujazwa baadaye, kwa kukumbuka. Dawa ya saa sita usiku inatolewa saa nane. Mwenye ndugu anakumbushiwa, asiye na ndugu anasubiri. Kitanda cha jirani yetu alilala mzee wa Same ambaye mwanawe alikuwa amerudi nyumbani kutafuta fedha. Chai ya asubuhi alipewa na mama wa kitanda cha tatu, aliyeletewa mtori mwingi kuliko alioweza kunywa.

Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014, katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi anaambatana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Huko walikuwa wanazungumzia tofauti ya wagonjwa sita na wanane. California, Marekani, wana sheria iliyoanza kutumika 2004 inayoweka kikomo, na leo katika wodi za kawaida muuguzi mmoja hapewi zaidi ya wagonjwa 5. Sitarajii kikomo hicho hapa kwetu kesho. Nakitaja ili tujue tunapocheka kwamba "manesi wetu wamezoea", kinachozoeleka ni nini.

Na muuguzi mwenyewe? Mgongo kwanza, kwa kunyanyua watu wazima peke yake. Kujichoma sindano kwa haraka, kisha majuma ya kumeza dawa za kinga na kusubiri majibu. Sista mmoja jirani yetu wa Rau, mwajiriwa wa miaka mingi, aliwahi kuniambia kwamba kinachomchosha zaidi si kazi aliyoifanya, ni ile aliyoiacha bila kuifanya. Anatoka zamuni saa mbili asubuhi, yuko kwenye daladala, anakumbuka kidonda ambacho hakukisafisha.

Hapo ndipo lazima tuzungumzie lile ambalo kila Mswahili analo mdomoni: manesi wana lugha mbaya. Wanaowatetea husema ni uchovu, mtu aliyesimama kwa saa kumi na mbili hawezi kuchekea kila swali. Wanaowalaumu husema uchovu si ruhusa ya kumtukana mwanamke aliye kwenye uchungu. Nimekaa wodini siku 11 na naona pande zote mbili zina ukweli, ila haziko sawa kwa uzito. Uchovu unaeleza ufupi wa maneno, unaeleza kutojibu, unaeleza hata uso mkavu. Hauelezi dharau. Usiku uleule, kwa mzigo uleule, yule dada anayejitolea hakumwita mtu "wewe" hata mara moja. Mama yangu alimwita "bibi" na mzee wa Same "babu". Kwa hiyo tukidai wauguzi waongezwe, tusikubali dai hilo ligeuzwe kuwa kichaka cha kujifichia wale wachache wenye dharau, kwa sababu wananchi wakichoka na dharau hawatawatetea wauguzi wema pale bajeti inapojadiliwa.

Sasa turudi kwa anayejitolea, kwa kuwa hapo ndipo mjadala wa kweli ulipo.

Hoja za kuunga mkono kujitolea si za kudharau. Mhitimu akikaa nyumbani miaka mitatu mkono unasahau. Kutafuta mshipa wa mtoto mchanga hakusomwi kwenye daftari. Wodini anaendelea kujifunza, anafahamika, anapata barua ya kuthibitisha uzoefu. Mgonjwa naye anapata mkono wa ziada leo, bila kusubiri kibali. Mama yangu alihudumiwa vizuri na mtu ambaye kwenye ikama hayupo, na nikisema hakupaswa kuwapo nitakuwa nasema uongo wa kitaalamu dhidi ya nilichokiona kwa macho. Wapo viongozi wa hospitali ambao wangependa kuwalipa, na pale mapato ya ndani yanaporuhusu huwapa mkataba mfupi au posho. Na wabunge wamekuwa wakipigia debe kwamba nafasi zikitoka, waliojitolea watazamwe kwanza, jambo ambalo kwangu ni haki ya wazi.

Lakini mwangalie huyo anayeweza kujitolea ni nani. Ili ufanye kazi miezi 20 bila mshahara katika mji wa Moshi unahitaji mahali pa kulala, nauli, sare mbili na chakula. Mtoto wa hapa mjini anakaa kwa wazazi. Mtoto wa Rombo au wa milimani Same atapanga chumba kwa fedha ya nani? Kwa hiyo tukisema waliojitolea wapewe kipaumbele bila kuwalipa wanapojitolea, tunaiweka ajira ya serikali mikononi mwa wenye wazazi wa kuwalisha. Sijasikia hoja hii ikijibiwa.

La pili, sauti. Mwajiriwa akiona gloves zimekwisha au dawa imetolewa kimakosa, ana cheo, ana chama, ana barua ya ajira. Anayejitolea ana hisani ya matroni tu. Akisema sana, wiki ijayo jina lake halipo kwenye ratiba ya zamu. Na likitokea kosa usiku, atakayewajibika ni nani: yeye, sista aliyekuwa chumba cha pembeni, au aliyepanga zamu ya watu wawili kwa vitanda 34?

La tatu ndilo linalonikera zaidi. Wodi inayobebwa na wanaojitolea inaonekana inakwenda. Mkaguzi akija anakuta shuka zimetandikwa na chati zimejazwa. Kelele inapungua, na nani atakimbilia kugharimia nafasi ambayo kazi yake inafanyika bure?

Upande wa serikali una hoja moja nzito ambayo sisi wa Kilimanjaro hatupendi kuisikia. Mkoa huu ulipata hospitali za misheni mapema, Machame, Kibosho, Huruma kule Rombo, kisha KCMC (Kilimanjaro Christian Medical Centre) ikafunguliwa mwaka 1971. Kibali kikitoka leo, ni haki kumpeleka muuguzi mpya Katavi kuliko Moshi. Naikubali hoja hiyo, ila si yote. Sensa ya 2022 inasema mkoa una watu 1,861,934, lakini wodi za Moshi hazilazi watu wa Kilimanjaro peke yao. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda, inapokea wa Arusha, Manyara, Tanga na kwingineko. Ukihesabu wauguzi wetu kwa kuwagawa kwa wakazi wetu, utasema tunao wa kutosha, na mzee wa Lushoto aliyelala sakafuni hutamwona kwenye hesabu yako.

Kuna wanaosema basi waende nje. Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka wahudumu wa afya. Tanzania imo katika orodha ya mwaka 2023 ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka zisivunwe wataalamu kwa kampeni za kuajiri. Katazo hilo lina nia njema, ila kumwambia kijana asiende na hapa usimwajiri ni kumfungia milango miwili. Mwenye nafasi mkononi akienda mwenyewe simlaumu.

Ninachokiona mimi ni hiki: kujitolea kuwe na kikomo cha miezi sita, kuwe na posho ya kuishi tangu siku ya kwanza, na baada ya hapo iwe mkataba au kwaheri. Fedha itoke mapato ya ndani na halmashauri zichangie, hata kama maana yake ni jengo moja kuchelewa mwaka mmoja. Najua watakaopinga watasema idadi ya wanaojitolea itapungua na wagonjwa wataumia kwa muda. Ni kweli, wataumia, na kwa aliyelaza mzazi hilo si jambo la kulisema kirahisi. Lakini pengo likionekana litadaiwa. Pia kila wodi ibandike mlangoni ubao wenye namba mbili tu, wagonjwa waliolazwa na wauguzi wa zamu hiyo, na wanaojitolea waandikwe kwa rangi yao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Watu wakianza kuja hospitali kwa kadi badala ya kusubiri wazidiwe nyumbani, namba ya kwanza itapanda, na ya pili inapaswa kuulizwa sasa.

Mama alitoka siku ya 11. Miezi michache baadaye nilikutana na yule dada Kiboriloni, anauza kwenye duka la dawa. Aliniuliza hali ya bibi, akaniambia kodi ya chumba ilimshinda, na dukani angalau anapata kitu kila mwisho wa mwezi. Nikamuuliza wodini nani yupo usiku sasa. Akasema wiki ileile aliyoondoka nafasi yake ilipata mtu, binti aliyemaliza chuo mwaka jana. Naye anajitolea.