Efekti Zianzie kwenye Mswada, Zisisubiri Editi

Kuna kauli naisikia karibu kila lokesheni ninayofika hapa Dodoma: "Hiyo utaimalizia kwenye editi." Dairekta anaisema waya wa umeme ukionekana nyuma ya tembe, anaisema jua likizama kabla shoti haijakamilika, anaisema mwigizaji akikodolea macho upande ambao jini hatatokea. Mimi ndiye huyo wa kwenye editi. Natengeneza efekti, yaani vitu vinavyoongezwa au kufutwa kwenye picha, za filamu fupi, nyingi zikiwa za vijana wanaochangishana nauli na chakula, na naamini kauli hiyo inaziharibu kazi zetu kuliko ukosefu wa fedha. Efekti ya bei ndogo inayoaminika huandaliwa kwenye mswada na kupatikana siku ya kushuti. Kompyuta huja baadaye kuunganisha.

Programu zisitusumbue. Blender, ya kutengenezea picha na katuni za 3D, ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu 2002. Filamu ya katuni ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender na ikachukua Oscar mwaka 2025. DaVinci Resolve, ya kuhariri video, nayo ina toleo la bure, na ndani yake kuna Fusion ya kuunganishia picha. Kijana wa Chang'ombe mwenye laptopu ya wastani ana zana za kutosha kuanza leo.

Kinachopungua ni mpangilio. Oscar ya efekti ya mwaka 2024 ilikwenda Japani kwa filamu ya Godzilla Minus One, kazi ya shoti 610 za efekti iliyofanywa na timu ya watu 35 tu. Takashi Yamazaki aliiandika, akaiongoza, na akasimamia efekti zake mwenyewe. Bajeti yake sisi hatuigusi hata kwa ndoto, ila jambo moja pale halina bei: aliyekuwa akiamua kamera isimame wapi alijua tayari nini kitawekwa baadaye kwenye picha. Huku kwetu watu hao wawili mara nyingi hukutana kwa mara ya kwanza flashi ikiletwa na faili zote zimeshapigwa.

Mwaka jana nilishirikishwa mapema kwenye filamu fupi ya mzee anayeomba mvua, kisa cha kijiji kimoja wilayani Bahi. Mswada wa kwanza ulitaka wingu jeusi litande juu ya shamba la mtama, radi ipige mbuyu, mbuyu uwake moto, kisha mafuriko yashuke kijijini. Tuliketi na mwandishi jioni nzima. Nikamuuliza anataka mtazamaji aondoke na hisia gani, akasema: ajue kwamba mzee amesikilizwa. Basi moto tukautoa, mafuriko tukayatoa. Tukabaki na kivuli cha wingu kinachopita polepole juu ya uso wa mzee, upepo unaogeuka ghafla, na matone ya kwanza yakitua kwenye vumbi. Kivuli hakikutoka kwenye kompyuta hata kidogo. Vijana walipitisha turubai kati ya jua na mwigizaji, taratibu, mpaka uso wote ukafunikwa. Wingu ndilo nililoliweka mimi, na kwa kuwa uso wa mzee ulikuwa umeshaingia kivulini kweli, wingu likaaminika.

Hapo ndipo napenda wadogo zangu wanaoanza wakae kwa muda. Jicho la mtu hulisamehe wingu lisilo kamili. Mwanga unaojipinga haliusamehe.

Kwa hiyo mtu wa efekti wa huku kati ya nchi inambidi alijue jua la huku. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, jua la mchana husimama utosini kabisa na kivuli cha mtu hujikusanya miguuni pake. Juni jua hilohilo hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini. Ukimpiga mwigizaji mchana wa Juni ukampandikiza kwenye mandhari ya mchana wa Desemba, kivuli chake kitalala upande mmoja na vya miti upande mwingine. Mtazamaji hatakuambia kasoro iko wapi, lakini ataacha kuamini. Jioni nayo ni fupi: jua likishazama una dakika 20 na ushei za mwanga wa kufanyia kazi. Ndiyo maana natembea na daftari, na kila shoti naandika saa, upande jua lilipo, lenzi, na kimo cha kamera kutoka ardhini. Ni kazi ya nusu dakika, na huokoa usiku mzima wa kubahatisha.

Kiangazi chetu, ambacho watu wa kamera hukilalamikia, kina faida zake. Mbingu ya Juni na Julai ni pazia la buluu lisilolipiwa, rangi moja ambayo kompyuta huiondoa nyuma ya mwigizaji: mpandishe mwigizaji juu ya mwamba, na Dodoma haina upungufu wa miamba, kamera ishuke chini, asiwe amevaa buluu, naye atakatika kwenye picha vizuri kuliko mbele ya kitambaa cha kijani kilichokunjamana. Mbuyu usio na majani hutenganishwa na anga kwa mwangaza tu, kwa sababu matawi ni meusi na anga nyuma yake linang'aa. Ukisubiri masika, majani yanapocheza kwenye upepo, utakata fremu, yaani kila picha inayounda video, mojamoja kwa mkono.

Na tuna vumbi. Kila anayeanza anatafuta intaneti vumbi la kupakua, ambalo mataa yake ni ya nchi nyingine na rangi yake haifanani na udongo wetu. Tundika kitambaa cheusi ukutani usiku, weka taa kali ya pembeni, rusha udongo mkavu uliouchekecha, piga kwa fremu 50 au 100 kwa sekunde. Kwenye kompyuta weusi unaondoka, vumbi linabaki na kukaa juu ya picha yako. Mkusanyiko wa shoti kama hizo utautumia miaka: nyayo za anayekimbia, ukuta unaobomoka, kitu kinachotoweka, gari linaloshika breki. Ukivaa barakoa wakati wa kurusha, mapafu yako yatakushukuru.

Mvua hufanywa kwa njia hiyohiyo. Maji huonekana vizuri kwenye kamera yakimulikwa kutoka nyuma, hivyo ndoo moja na kopo lililotobolewa matundu vinatosha mbele ya kitambaa cheusi. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Huku mvua ya mwaka hunyesha takriban kati ya Desemba na Aprili, na kuna vijiji watu wananunua maji kwa dumu. Kuleta boza zima na kulimwaga ardhini mbele yao ili tupate sekunde kumi za filamu ni jambo ambalo sitalikubali, hata produsa akiwa na fedha zake.

Kwa wanaoshuti kwa simu: funga mwangaza na rangi zisijibadilishe zenyewe, zima kituliza picha cha simu maana kinaikata fremu kwa namna ambayo programu ya kufuatilia mwendo haiwezi kuielewa, na kabla hujaondoa kamera kwenye stendi piga sekunde kadhaa za mahali patupu, bila mwigizaji. Ule waya nyuma ya tembe unafutika kwa dakika chache ikiwa sehemu hiyo tupu ipo. Ndani ya nyumba kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50. Fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde itazuia taa nyingi zisipepese.

Najua kuna watakaonitajia Wakaliga ya Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, risasi na helikopta zake zikionekana wazi kuwa za kompyuta, na dunia ikampenda. Namheshimu sana. Lakini filamu zake zina mtangazaji anayeshangilia juu ya picha, na mtazamaji ameshakubaliana naye kwamba leo tunafurahi. Filamu ya mama aliyefiwa na mtoto haina mkataba huo na mtazamaji. Helikopta ya aina ile ikipita juu ya kaburi, mama yule tumemkosea.

Baadaye huja usiku wa kurenda, kompyuta ikitengeneza picha za mwisho fremu kwa fremu. Shoti ya sekunde nne kwa fremu 25 ni fremu 100, na fremu moja ikichukua dakika tatu unazungumzia saa tano. Ukiitoa kama video moja na umeme ukakatika saa ya nne, umeanza upya. Itoe kama picha mojamoja zenye namba, umeme ukirudi uendelee ulipoishia. Siku hizi hata shoti fupi sizitoi kwa njia nyingine.

Nikipigiwa simu ya kazi sasa, kabla hatujagusa bei naomba mswada na siku nitakazokuwepo lokesheni. Posho ya siku hizo iandikwe kwenye bajeti pamoja na ya mtu wa kamera na wa sauti, isiwe hisani. Produsa anayeniambia hana fungu la kunifikisha Bahi namshauri aondoe shoti moja ya efekti kwenye mswada. Fedha aliyoitenga kwa shoti hiyo italipa nauli, chakula na posho yangu, na shoti zitakazobaki nitazisimamia nikiwa palepale kamera ilipo.